Mpwa wangu, kabla hujashika spana

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umepata nafasi ya kusomea ufundi wa helikopta. Nilifurahi mno. Usiku usingizi ukagoma, kwa sababu ya bolti tatu.

Tarehe 12 Machi 2009 helikopta aina ya Sikorsky S-92 iliruka kutoka St. John's, Kanada, ikiwapeleka watu kazini kwenye visima vya mafuta katika Atlantiki. Ndani walikuwa watu 18. Wakiwa juu ya bahari, onyo likawaka: presha ya oili ya giaboksi kuu, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye rafadha, imeshuka. Marubani wakageuza kurudi nchi kavu. Wengi wakati ule waliamini giaboksi hiyo ingehimili dakika 30 bila oili. Haikuhimili. Dakika kama 11 tu, gia inayozungusha rafadha ya mkiani ikasagika, helikopta ikapiga maji kwa kishindo. Akaokoka mtu mmoja.

Oili ilivujia kwenye kikombe cha filta. Kilishikiliwa na bolti tatu za titani, aina ya metali nyepesi, na mbili zilikatika. Kila filta ilipobadilishwa, nati zilifunguliwa na kukazwa upya, na bolti zikazidi kukwanguka. Ni kazi ya kawaida kabisa, mwanangu, ile utakayopewa wewe siku za mwanzo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Julai 2008, huko Broome, Australia, helikopta ya aina hiyo hiyo ilikatika bolti hizo hizo, ikawahi kutua salama. Watengenezaji wakajua. Januari 2009 wakaagiza zibadilishwe, ziwekwe za chuma cha pua, ndani ya mwaka mmoja au saa 1,250 za kuruka. Ile ya St. John's ilianguka ikiwa bado na bolti za zamani, na muda uliotolewa haujaisha. Kwenye makaratasi haikuchelewa hata siku moja. Baada ya watu 17 kufa ndipo ikaamriwa S-92 zote zibadilishwe bolti kabla ya kuruka tena.

Nawe karakanani utakabidhiwa karatasi iliyoandikwa "ndani ya mwaka". Siku hiyo muulize mkuu wako, kwa adabu, kama vifaa vimeshafika stoo. Vikiwepo, omba mvifunge wiki hiyo hiyo. Kisha uniandikie alivyokujibu.

Mjomba wako