Umeme wa kijani: tuulize kwanza hela inaenda wapi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi nimeamua kulipia ile nyongeza ya hela kwenye bili kwa ajili ya umeme wa kijani, yaani wa jua, upepo au maji, ila watu waelewe kitu kimoja, umeme unaofika kwenye soketi yako ni uleule wa jirani, ukishaingia kwenye gridi (mtandao wa nyaya za umeme) hauchambuliki tena, unacholipia mara nyingi ni cheti tu cha kuthibitisha kwamba umeme wa kijani umezalishwa mahali fulani, kimoja kwa kila uniti 1,000. Sasa kama cheti kinatoka kwenye bwawa la umeme lililojengwa zamani hela yako haijaongeza hata paneli moja! Niliwapigia simu mara mbili wanaoniuzia umeme ndo wakanijibu. Ulizeni jamani, ni mitambo mipya au ya zamani? Na kama bili inakubana, achana na nyongeza kwanza, anza na kubadilisha taa uweke zinazotumia umeme kidogo, hakuna ubaya.