Asante mzee wa baiskeli wa Naivasha

Jamani yule mzee wa baiskeli nyeusi uliyekuwa umebeba majani ya ng'ombe Jumamosi jioni kule South Lake Road, popote ulipo, asante saana. Mimi na bwanangu tulikuwa tumetoka na farasi wetu wawili, hawa waliostaafu mbio pale Ngong, siku yenyewe ni ya kutembea tu polepole chini ya migunga ya njano, Longonot hiyo mbele yako, story mingi, hakuna haraka. Mara wangu akaanza kuchechemea. Bwanangu kuinua mguu, kumbe jiwe limekwama ndani ya kwato na kale kachuma ka kuchokonolea tumekaacha nyumbani (nani alikaacha hatutaongelea hapa). Wewe ukasimama bila kuitwa, ukatoa bisibisi yako ya baiskeli, ukaniambia "shika kichwa mama, usimwonyeshe una wasiwasi", ukachokonoa kutoka kisigino kwenda mbele taratibuuu mpaka jiwe likaruka, halafu ukabonyeza na kidole gumba kusikia kama anaumwa. Aki sijawahi ona mikono mitulivu hivyo. Ukatushauri tuwaongoze kwa miguu na tutoke kando ya ziwa kabla giza, maana viboko wakipanda kula nyasi hawana mchezo. Pesa ulikataa kabisa, ukachukua karoti moja tu, tena ukampa farasi huyo huyo.

Anatembea poa sasa. Na bisibisi yako tuko nayo, ilibaki kwa mfuko wa bwanangu, pole sana mzee.