Barua kwa Dada: Ufadhili wa Shule za Binafsi kwa Mtoto Mwenye Ulemavu, na Haki Zinazoachwa Mzazi Anaposaini

Columbus, Ohio
Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, baridi imeanza kupungua, na wifi yako anakusalimu sana pamoja na watoto. Nimefurahi mno kusikia kwamba mwanao na mkweo wamepata viza kupitia bahati nasibu na kwamba watakuja kuanza maisha hapa karibu nasi kabla ya shule kufunguliwa. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli kwamba serikali ya huku humlipia mtoto mwenye ulemavu ada ya shule ya binafsi, na kama mjukuu wetu ataweza kulipiwa kwa njia hiyo kwa sababu ya mtindio wake wa ubongo. Jambo hili haliwezi kuelezwa kwa simu inayokatika katika, na wewe ni mwalimu uliyefundisha watoto wa kitengo cha elimu maalumu kwa miaka mingi, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu ili umsomee mpwa wangu kabla hajafunga mizigo.

Ni kweli, fedha hizo zipo. Jimbo hili la Ohio lina mipango miwili. Wa kwanza ni wa watoto wenye usonji, ulioanza mwaka 2004, na huo ndio tunaoutumia kwa mwanangu. Kiwango chake cha juu kwa mwaka sasa kinazidi dola 30,000. Wa pili unaitwa kwa jina la Jon Peterson, aliyekuwa mbunge wa jimbo hili na kuupigania, nao ulipitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa aina nyingine, kuanzia darasa la awali hadi mwisho wa sekondari. Kiasi anachopata mtoto katika mpango huu wa pili hutegemea aina ya ulemavu wake, hivyo mwenye tatizo la matamshi peke yake hupata kidogo kuliko asiyeona au asiyeweza kutembea. Mipango yote miwili haiangalii kipato cha wazazi. Fedha hizo ni malipo ya shule au ya wataalamu waliosajiliwa na jimbo. Si za matumizi ya nyumbani, na ningeomba umweleze mkweo hivyo, kwa sababu nimesikia maneno mengi mitaani kwamba serikali humpa mzazi hundi akafanye anavyotaka.

Hata hivyo, Dada, fedha hizo huja na sharti ambalo watu wengi hawalijui mpaka limewafika. Mzazi anapoupokea ufadhili huu, wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za mahali anapoishi, haiwajibiki tena kumpa mtoto wake elimu ya bure inayomfaa, na haki hiyo ndiyo mzizi wa kila kitu ambacho mtoto mwenye ulemavu hupata katika shule za nchi hii.

Wala haki hiyo haikupatikana kirahisi. Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu mwaka 1975, lilikiri kwamba watoto milioni moja walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule za umma. Wazazi walikuwa wamekwenda mahakamani huko Pennsylvania na katika jiji la Washington, na mahakama zikaamua kwamba mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu tu ana ulemavu. Tangu hapo shule ya umma haina ruhusa ya kumkataa mtoto yeyote wa namna hiyo, tangu ana miaka 3 hadi 21. Lazima impime bila malipo, lazima ikae na wazazi kumwandikia mpango wake mwenyewe wa elimu, ambao hapa kila mtu huuita IEP kwa herufi zake, na lazima itoe kila kilichoandikwa humo, iwe ni mazoezi tiba, tiba ya usemi, msaidizi wa darasani au basi lenye lifti ya kiti mwendo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la mtoto mwenye usonji wa jimbo la Colorado aitwaye Endrew, iliongeza kwamba haitoshi mtoto kusogea kidogo tu. Mpango lazima uwe na matarajio makubwa kulingana na hali yake. Kikubwa zaidi ni kwamba mzazi asiporidhika ana mahali pa kushtaki.

Nikueleze mpango huo unavyoandikwa, maana mwalimu kama wewe utaupenda. Katika kikao chetu walikuwepo mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia wa shule, mtaalamu wa usemi na mwakilishi wa wilaya. Wifi yako alitaka kufuata kila neno kwa Kiswahili, na sheria inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kikao, hata kwa kuleta mkalimani. Basi kikawekwa kipaza sauti katikati ya meza, na mama mmoja wa Kongo akatutafsiria kwa simu kwa utulivu mkubwa, akiomba kila mara kwamba wasiseme wawili kwa pamoja. Hawakuandika kwamba mtoto “ataboreka katika mawasiliano”, maneno ambayo hayampimi mtu. Waliandika kwamba akiwekewa mbele yake picha za vitu, ataomba anachokitaka kwa picha au kwa neno, mara nne katika kila nafasi tano, bila kushikwa mkono. Wakaandika nani atamfundisha, kwa dakika ngapi kila wiki, na lini watatupa taarifa. Alipewa kishikwambi chenye picha ambacho akikigusa hutamka neno, na neno la kwanza alilolitumia kwa hiari yake lilikuwa “maji”.

Utauliza, kama mambo yalikuwa hivyo, kwa nini tulimwondoa? Karatasi ilikuwa nzuri kuliko darasa. Walimu wa elimu maalumu ni wachache huku kama walivyo huko, na katika mwaka wake wa pili darasa lake lilibadilishiwa walimu mara kwa mara, msaidizi akahamishwa, na makelele ya ukumbi wa chakula yakawa yanamtesa hadi akaacha kula shuleni. Tulilalamika kwa maandishi, tukaitwa vikaoni, mambo yakatengenezwa kidogo kisha yakarudi yalivyokuwa. Siwalaumu walimu wale, kwa kuwa niliwaona wakihangaika. Tangu mwaka ule wa 1975 serikali kuu iliahidi kuchangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini, na mpaka leo haijawahi kufika hapo. Mzigo uliobaki unabebwa na majimbo na wilaya, na mwisho wake unamwangukia mwalimu mmoja darasani. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba ahadi ile ingetimizwa, familia nyingi zilizoondoka zisingeondoka.

Basi tukatafuta shule ya binafsi inayoshughulika na watoto wenye usonji, tukaikuta moja yenye darasa la watoto sita ambapo mtaalamu wa usemi hukaa nao humo humo darasani badala ya kumtoa mtoto kwa nusu saa na kumrudisha. Tulikaa na fomu nyumbani kwa muda mrefu kabla ya kusaini. Siku tuliyoondoka shule ya umma tulikirudisha kile kishikwambi, kwa sababu kilikuwa mali ya wilaya, na tukanunua kingine kwa fedha zetu. Ufadhili hautoshi kulipa ada yote. Tofauti tunaijazia sisi, na ndiyo maana wifi yako anafanya kazi mwishoni mwa wiki. Sheria ya Ohio inamruhusu mtoto mwenye ufadhili huu kuendelea kupata usafiri wa kwenda shule, na hilo limetusaidia sana.

Mwanangu ameendelea vizuri. Anakula na wenzake, na baadhi ya maneno aliyokuwa akiyagusa sasa anayatamka. Sitakudanganya kwamba ni shule hii peke yake iliyofanya hivyo, kwa sababu naye amekua. Ninachojua ni kwamba hivi leo shule hii ikitwambia hawawezi kuendelea naye, sina wa kumshtaki. Haki zake za sheria ile zitarejea siku atakaporudi shule ya umma, wala si kabla. Kwa sababu hiyo hatuachi kuhudhuria kikao cha IEP, ambacho wilaya bado ina wajibu wa kukiandaa kila mwaka. Wapo wazazi wanaokiona kuwa ni karatasi tu kwa vile mtoto hayupo tena kwao, nasi tunakwenda na kubishana juu ya kila mstari, kwa maana ndiyo karatasi atakayorudi nayo.

Hali haiko hivi Ohio pekee. Tuna jamaa wa Kongo wanaoishi Phoenix, Arizona, ambako fedha huwekwa katika akaunti ya mtoto na mzazi hulipia kutoka humo ada, vitabu na wataalamu. Mpango wao ulianza mwaka 2011 kwa watoto wenye ulemavu, kisha mwaka 2022 ukafunguliwa kwa watoto wote wa jimbo. Nao pia husaini mkataba unaoiondolea wilaya wajibu wote wa kumsomesha mtoto. Mwaka 2017 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua kazi za serikali ilichunguza mipango ya namna hii katika nchi nzima, ikakuta kwamba katika mipango iliyoundwa mahususi kwa watoto wenye ulemavu, asilimia 83 ya wanafunzi walikuwa katika mipango ambayo ama haikuwaeleza wazazi chochote kuhusu haki zinazobadilika, au iliwaeleza mambo yenye makosa. Ikiwa waliozaliwa hapa na kusoma hapa hawaelezwi, mgeni aliyeshuka ndege juzi ataelezwa na nani?

Sasa nirudi kwa mjukuu wetu. Ushauri wangu, na wifi yako anakubaliana nami, ni kwamba aanze shule ya umma, hata kama watu watamwambia mpwa wangu kwamba shule za binafsi ni bora. Bila IEP kutoka wilaya yake hawezi kupata ufadhili wa Jon Peterson, kwa hiyo njia yenyewe inapita huko. Wakifika tu, mama yake aandike barua ya kuomba mtoto apimwe, aiweke tarehe na abaki na nakala. Akishakubali kwa maandishi apimwe, shule ina siku 60 za kukamilisha vipimo. Aseme wazi kwamba mtoto anazungumza Kiswahili, kwa sababu sheria inataka apimwe kwa lugha anayoijua, na mtoto mwerevu kama yule asije akaandikiwa kwamba haelewi kumbe hajaulizwa kwa lugha yake.

Zaidi ya hayo, yeye si kama mwanangu. Anahitaji kiti mwendo, mazoezi tiba, mtu wa kumsaidia chooni, na jengo ambalo anaweza kuingia. Shule ya umma inawajibika kwa yote hayo. Shule nyingi za binafsi hapa ni za dini, na sheria ya mwaka 1990 inayowalazimisha wenye biashara na shule za binafsi kuwapokea watu wenye ulemavu imeziacha nje taasisi za dini. Nimeziona baadhi ya shule hizo. Ni nzuri, walimu wake wana upendo, na madarasa yako ghorofa ya pili bila lifti. Shule ya binafsi pia ina hiari ya kumpokea mtoto au kutompokea, na mtoto anayehitaji mengi ndiye anayeambiwa kwamba nafasi zimejaa. Kama baada ya mwaka mmoja au miwili wataona shule ya umma haimfai, tutakaa pamoja tutafute nyingine, na ufadhili utakuwa bado upo. Kuna jambo jingine la kuangalia hapo: mtoto hawezi kupewa ufadhili wakati wazazi na wilaya wana shauri linaloendelea kuhusu kilichoandikwa katika IEP, kwa hiyo kama kuna la kudai, lidaiwe likamalizike kwanza.

Naomba uwasaidie kukusanya karatasi zake zote kuanzia sasa: kadi ya kliniki, ripoti za hospitali, za hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam kama bado wanazo, na picha za kiti anachokalia. Mwombe mwalimu wake wa sasa aandike kwa mkono wake mambo ambayo mtoto anayaweza, siyo yale tu yanayomshinda, kwa mfano kwamba anahesabu hadi mia na anasoma silabi. Barua ya namna hiyo, ikisomwa mezani mbele ya watu ambao hawajawahi kumwona, itafanya kazi kubwa. Wasiiache katika mabegi ya mizigo, waibebe mkononi. Na umwambie mpwa wangu kwamba mtu yeyote akimletea fomu ya ufadhili, hata akiwa ni rafiki wa msikitini au jirani mwema, aichukue kwa heshima, ashukuru, na asiisaini mpaka tumekaa naye tukaisoma yote.

Wasalimie wote nyumbani. Nangoja jibu lako kuhusu tarehe ya safari.

Nduguyo akupendaye