Mnamuuliza mjane mbele ya shemeji yake?

Ndugu Mhariri,

Mimi si mwandishi wa barua magazetini. Tangu nistaafu ualimu nimelisoma gazeti lenu kimyakimya, pamoja na zile kurasa za mpira ambazo siku hizi zimekula nafasi ya mashairi. Lakini ile habari yenu yenye picha ya waheshimiwa waliojipanga mbele ya bango, ikituhimiza wananchi "tujitokeze kwa wingi" kutoa maoni juu ya sheria za ndoa, mali na mirathi, imenishinda kunyamazia.

Maoni gani tena? Sheria ya Ndoa ni ya 1971, na kabla yake Serikali ilitoa waraka mwaka 1969 ili watu waujadili. Tume ya Kurekebisha Sheria ilitoa ripoti juu ya ndoa mwaka 1994, na juu ya mirathi mwaka 1995. Wengi wa wale waliohojiwa tumeshawazika, na mali zao zimegawanywa kwa sheria zilezile walizozilalamikia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, ilisema vifungu vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Ikafuata nini? Tukaambiwa wananchi washirikishwe kwanza. Sikujua kwamba hukumu ya Mahakama ya Rufani nayo hupigiwa kura za kunyoosha mikono.

Hilo la ndoa angalau linasemwa redioni. La mirathi ndilo limefunikwa. Wasomaji wako wengi wa mjini hawajui kwamba sisi wa vijijini bado tunarithishwa kwa Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambalo linamweka binti daraja la tatu, la mwisho kabisa, na kumwambia mjane kwamba hana fungu: fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza. Na aliyezaa mabinti watupu, kama mimi, mabinti ambao wenyewe wamewekwa mkiani, atunzwe kwa fungu lipi?

Nilikwenda kwenye huo mkutano wa maoni ulipofika kwetu. Benchi la mbele walikaa wazee wa koo, na kati yao shemeji yangu, msimamizi wa mirathi ya marehemu mume wangu. Alisimama akaongea vizuri sana, akasema mila zetu zinamheshimu mwanamke, akapigiwa makofi, na dada mwenye daftari akaandika. Kisha dada huyo akauliza, "Akina mama mnasemaje?" Akina mama waliangalia sakafu. Nusu yao wanalala kwenye nyumba ambazo funguo zake ziko mifukoni mwa lile benchi la mbele! Dada akaandika hilo nalo, sijui aliandika kwamba tumeridhika.

Sasa nikwambie huyo shemeji alisimamia nini. Mimi na marehemu tulifunga ndoa kanisani, tukaishi miaka yetu yote kwenye nyumba za shule, naye akazikwa na padre. Siku ya mirathi akageuzwa mtu wa mila, maana mahakama ya mwanzo inagawa kwa mila au kwa Uislamu, na ndiko shauri lilikopelekwa. Kikao cha ukoo kikakaa uani kwangu, wakanywa rubisi yangu, wakamteua huyo shemeji kuwa msimamizi. Sheria inamtaka msimamizi ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali, Fomu Namba 5, kisha hesabu ya alichokusanya na alichogawa, Fomu Namba 6. Nilipopata nafasi ya kulifungua jalada niliikuta Namba 5, imeandikwa kwa peni ya bluu: kibanja kimoja cha ukoo, mbuzi wanne, baiskeli moja, banda moja. Banda! Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba vitatu na sebule, ambayo bati zake nilizilipia kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara wangu mpaka nywele zikaanza mvi, na stakabadhi ninazo hadi leo kwenye bahasha chini ya godoro. Namba 6 haikuwamo. Haijawahi kuwamo. Kahawa ya shamba hilo la kibanja inachumwa kila msimu, inapelekwa kwenye chama, inalipwa kwa jina lake, na mimi nauziwa ndizi za migomba niliyoitia samadi mwenyewe. Nilipomuuliza karani akasema, "Mama, hayo yamalizeni kifamilia."

Kinachonikera zaidi ni hiki. Kama marehemu angenipa talaka, mahakama ingegawa mali tuliyochuma pamoja, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 hata kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango. Mimi sikuachika. Nilivumilia, nikamuuguza, nikamfumba macho, na kwa uvumilivu huo nikaambulia pungufu ya aliyeachwa. Mabinti zangu wameniuliza wajifunze nini hapo, nimekosa jibu la kuwapa.

Wala msiniambie mahakama hazijui. Hukuhuku kwetu Kagera, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akashtaki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kulipinga lile Tangazo, mwaka 2006 waliambiwa kweli linabagua, lakini mahakama haiwezi kulifuta. Rufaa yao ikafia kwenye kosa la tarehe katika amri ya mahakama. Ikabidi wafike kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa haki mwaka 2015. Tangazo liko palepale.

Na kwa kuwa nimeshaanza, huo muhtasari wa kikao cha ukoo nao ni sheria ya wapi? Hakuna kifungu kinachoulazimisha, ila ukienda mahakamani bila huo unarudishwa mlangoni. Ukiupata, unatakiwa muhuri wa kijiji, na muhuri una "mchango wa ofisi" usiokuwa na risiti. Wazee nao hawasaini mikono mikavu. Mjane anagharamia karatasi ya kumnyang'anya.

Nisionekane wa kulalamika tu, nina pendekezo. Yeyote atakayetaka kuongea juu ya mirathi kwenye mikutano hii aweke kwanza mezani Fomu Namba 5 na Namba 6 za mirathi anayoisimamia, zikiwa na muhuri wa mahakama. Asiyekuwa nazo akae karibu na mlango, kupiga makofi anaruhusiwa. Wajane wahojiwe siku ya gulio, mmoja mmoja, na karani asiyetoka kata ile. Soda nitanunua mimi. Na wale waheshimiwa wa kwenye picha, kabla ya kupanda magari kuja huku, mmoja wao afungue kabati aitoe ripoti ya 1995, aisome safarini. Barabara yetu ni mbovu, muda utamtosha.

Mwalimu mstaafu,
Muleba, Kagera