Barua ya wazi kwa vijana mnaotengeneza programu huru: mlango wenu uko wapi?

Wanangu,

Naandika nikiwa na uchungu, na afadhali mjue tangu mwanzo. Mwezi uliopita nilikaa na mwalimu wa maktaba wa sekondari moja ya kata, mama ambaye kila kitabu kinachoazimwa anakiandika kwenye daftari la mistari. Nilimwambia kuna vijana wetu wametengeneza programu huru ya maktaba, nzuri, nimeijaribu mwenyewe. Akawasha kompyuta ya shule, akaiunganisha na intaneti ya simu yake. Bando alinunua kwa pesa yake.

Ukurasa wa mwanzo wa tovuti yenu ukafunguka na video inayojicheza yenyewe, megabaiti zaidi ya 30. Juu yake maneno makubwa kwamba mnaleta mapinduzi ya maarifa barani Afrika. Neno "maktaba" halikuwepo. Mama akaniuliza, "Hii ndiyo yenyewe?" Tukashuka: nembo za wafadhili, picha za semina, nyuso zenu. Kitufe cha kupakua hamna. Chini kabisa tukakuta alama ndogo ya GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka msimbo wa programu zao, tukaingia. Mama akaona kitufe cha kijani kilichoandikwa Code, akabonyeza, akachagua ZIP, akasubiri bando likiisha. Alipofungua akakuta mafaili yanayoishia na .py na .json, hakuna hata moja la kubofya likafunguka. Akazima kompyuta taratibu akasema, "Labda si ya watu kama sisi."

Kauli hiyo imeninyima usingizi. Programu mliitengeneza kwa ajili yake hasa.

Sikilizeni. GitHub ni karakana. Mtu aliyekuja kununua kiti fundi hampitishi kwenye randa na maranda ili akatafute kiti mwenyewe. Anakikuta barazani, kimepigwa msasa, anakikalia. Faili la kusakinisha mlikuwa nalo! Lilikuwa kwenye sehemu ya matoleo, pembeni kulia, ambako sisi tuliozoea tunajua kutazama. Na GitHub inawapa anwani inayoishia na releases/latest, ambayo humpeleka mtu moja kwa moja kwenye toleo jipya kabisa. Kiungo kimoja. Mkiweke juu, kiwe kitufe kikubwa chenye neno "Pakua", na chini yake muandike ni kwa ajili ya Windows au Linux na lina megabaiti ngapi. Mtu anayehesabu bando ana haki ya kujua kabla hajabonyeza. Juu ya kitufe iwe sentensi moja: programu hii inafanya nini, na ni kwa nani. Mkishindwa kuiandika sentensi hiyo, kaeni chini mzungumze, maana tatizo haliko kwenye tovuti.

Mlango huo wa kupakulia msipoutengeneza ninyi, wengine watawatengenezea. Wenzetu wa GIMP, programu ya kuhariri picha, mwaka 2013 waliacha kusambaza toleo lao la Windows kupitia SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, kwa sababu matangazo yenye vitufe vya "pakua" vya uongo yalikuwa yakipotosha watu, na kulikuwa na visakinishi vinavyobeba programu zisizotakiwa. Mwaka 2015 zogo likaibuka tena, jina la GIMP likitumika pale kwenye kisakinishi chenye matangazo. Februari 2016 wahuni waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta, wakaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa mlango wa siri wa kuwaingilia kompyuta zao. Hao ni miradi mikubwa yenye macho mengi. Ninyi mko wanne.

Jambo jingine linaloniuma ni neno "bure". Mmeliandika mara saba kwenye ukurasa mmoja. Kiingereza kina neno moja tu, "free", la uhuru na la kutolipa, ndiyo maana tangu Richard Stallman aanzishe GNU, mradi wa mfumo huru wa kompyuta, mwaka 1983 wao hawajaacha kufafanua. Sisi lugha ilishatutenganishia: kuna huru, kuna bure. Na bure kwetu ni pia kitu kisicho na maana. Tunasema mtu bure, kazi bure. Mkuu wa shule akisoma "programu ya bure" anaona makombo, anakwenda kununua nakala ya wizi ya programu ya ghali kwenye flashi, yenye virusi, na kuiita ya maana kwa sababu ametoa pesa. Mwambieni kwamba ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani. Kisha tajeni leseni kwa jina lake.

Sitawalaumu ninyi peke yenu. Tumewalea kwenye utaratibu ambamo tovuti ni risiti ya mfadhili. Anataka nembo yake ionekane na picha ya semina ipandishwe kabla ripoti haijafungwa, na hakuna anayeuliza kama yule mama alifanikiwa kupakua. Sisi wazee tulisaini ripoti hizo. Mimi pia nilisaini.

Yaliyobaki ni mafupi. Picha mbili tatu za skrini, za programu yenyewe ikifanya kazi. Tarehe ya toleo la mwisho, ili mtu ajue mradi ungali hai. Kiswahili kiwe mbele, Kiingereza kifuate. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, basi msiseme maneno hayapo. Tovuti iwe na HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa yasichunguliwe njiani; cheti chake shirika la Let's Encrypt wanatoa bila malipo. Kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kisajiliwe kwa jina la mradi, si la mmoja wenu atakayepata kazi na kusahau kukilipia. Mahali pa kuuliza msaada, na mtu wa kujibu.

Najua mnaandika msimbo usiku baada ya vibarua vya mchana, na najua hakuna anayewalipa. Nimewaona mkigombania soketi moja ya umeme. Ndiyo maana sikubali kazi ile iishie kwenye ZIP isiyofunguka.

Video iondoeni leo, haihitaji kikao. Kitufe mkishakiweka nitumieni kiungo, nitakwenda nacho mwenyewe kwa yule mama kabla shule hazijafunguliwa Januari. Safari hii bando nitanunua mimi.

Mwalimu wenu mstaafu