Mjomba, rudi tukae

Shikamoo Mjomba,

Tangu siku ya arobaini ya Baba, ulipoinuka ukaacha pilau sahanini, sina raha. Mdogo wangu alikosa adabu kukuita "mabaki ya chama kimoja" mbele za watu, na nimemwambia hivyo. Lakini nawe ulisema wanamageuzi wote ni wavunja nchi, na hilo limeniuma zaidi, maana Baba alikuwa mwanamageuzi.

Mlitusimulia wenyewe. Tume ya Jaji Nyalali ilipopita mwaka 1991 kukusanya maoni kama Tanzania ibaki na chama kimoja au iingie vyama vingi, mlisimama wote wawili kwenye uwanja wa shule. Wewe ukasema chama kimoja kibaki. Baba akasema muda wake umekwisha. Kisha mkarudi nyumbani kwa baiskeli moja, umempakia nyuma, kashika mfuko wa sukari.

Ulikuwa upande wa wengi. Takriban asilimia 80 walitaka mfumo ubaki kama ulivyokuwa tangu 1965. Baba alikuwa katika ile 20. Hata hivyo Tume ikapendekeza vyama vingi, na Mwalimu Nyerere naye akaunga mkono.

Watu husimulia habari hii kana kwamba wachache waliwashinda wengi. Mimi nikiisoma Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 naona alama za mikono yenu nyote. Vyama viliruhusiwa: hapo yumo Baba. Lakini chama kisiwe cha dini, kabila wala eneo moja, na kabla ya kupata usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Hapo umo wewe Mjomba, na hofu yako ya nchi kugawanyika. Hofu ile nimejifunza kuiheshimu. Mwaka 1993 Burundi iliwaka, 1994 ikafuata Rwanda, na tuliwapokea wakimbizi waliovuka mpaka na magodoro kichwani.

Ila hofu hiyo peke yake isingezigusa zile sheria 40 ambazo Tume ilisema ni kandamizi, mojawapo ile ya 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Hapo namtetea Baba kwa moyo wote. Wewe ulikuwa umelala pakavu, Mjomba. Panapovuja hupajui mpaka aliyelala kona ile aseme. Naye Baba, kwa hasira aliyokuwa nayo miaka ile, angeachiwa nyundo peke yake angeng'oa na nguzo. Alikiri hivyo mwenyewe, mwaka jana, akiwa kitandani, akauliza kama umekuja.

Jumamosi tunapalilia migomba yake. Mdogo wangu atakuwepo, anataka kukuomba radhi kwa mdomo wake. Anakuja pia na ile rasimu ya katiba ya Jaji Warioba, ameipiga mistari kila ukurasa. Najua mtabishana hadi magharibi.

Chai nitaiweka mapema.