Kwa Mama Baraka, Uliyekabidhiwa Kiingereza cha Kidato cha Kwanza

Nachingwea,
25 Januari 2026

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka kusini. Sisi wazima, mvua zimeshika, na Tunu anamsalimu shangazi yake. Baba Tunu yuko Mtwara kwa shughuli zake zile zile zisizoisha.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni nikacheka, kisha nikausikiliza tena nisicheke. Kwa hiyo wewe, mwalimu wa Historia mzima, umepewa Kiingereza kidato cha kwanza, mikondo miwili, eti kwa sababu unaongea vizuri! Ndiyo shule zetu za kata hizo. Hapa kwetu mwalimu wa Baiolojia anafundisha Jiografia, na anaifundisha kuliko mwenye Jiografia yake, ila hilo libaki baina yetu. Umeniuliza uanzie wapi. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza kila dakika.

Tuwatazame kwanza hao watoto. Miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Wamefaulu, wameshonewa sare, wamefika Januari wakaambiwa kwamba Hisabati, Fizikia, Kemia na hiyo Historia yako sasa ni Kiingereza kitupu. Likizo ya miezi kadhaa haikuwapunguzia akili. Lakini utamwona mtoto aliyekuwa wa kwanza darasa la saba amejikunyata dawati la nyuma, hanyooshi mkono, na kufikia Aprili ofisini wameshamwita mzito. Ukimtoa nje ukamuuliza kwa Kiswahili maji yanachemkaje, anakueleza mpaka mvuke.

Ndiyo maana mwanzoni mwa kidato cha kwanza tuna zile wiki za kozi ya awali ya Kiingereza. Mwenzangu, zitazame wiki hizo kama mali. Wengi wetu tunazimaliza kwa kujaza ubao nyakati za vitenzi, watoto wananakili, daftari linapendeza, na wiki ya mwisho hakuna hata mmoja anayeweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni bila kuchanganya maneno. Mimi wiki ya kwanza nafundisha lugha ya darasani tu: sijaelewa, rudia tafadhali, neno hili lina maana gani, naomba ukurasa. Wanayasema kwa kuigiza, wanacheka, woga unatoka. Halafu nachukua yale maneno ya maswali ya mtihani, eleza, linganisha, taja, fafanua, nayafundisha pamoja na walimu wa Sayansi, kwa sababu mtoto anayejua jibu lakini hajui ameulizwa nini amepoteza alama za bure.

Ofisini utakuta ubishi wa lugha ya kufundishia, na kwa vile wewe ni mtu wa Historia watakuita uwe hakimu. Watakukumbusha Tume ya Makweta ya 1982, iliyopendekeza sekondari zianze kuhamia Kiswahili 1985, jambo ambalo serikali haikulifanya. Mwingine atakurushia maneno ya Mwalimu Nyerere kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Wa tatu ataleta Sera ya Elimu ya 2014. Unajua mimi niko upande wa Makweta tangu chuo. Lakini aliyekaa mbele yako Januari hii hawezi kusubiri tume nyingine, na mtihani wake wa kidato cha nne utamkuta kwa Kiingereza.

Ila jambo moja usilikubali: Kiswahili kufanywa kosa. Najua shule nyingi bado zina kibandiko mlangoni, huongei Kiingereza huhudumiwi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi shuleni kwao Kenya, miaka ya 1950, aliyekutwa akisema Kigĩkũyũ alivyokabidhiwa kifungo cha nguo, akampasia mwingine aliyemkamata, na jioni wote waliokishika wakaadhibiwa. Watoto wakafundishwa kuwindana. Ukimnyima mtoto huduma kwa sababu ya lugha, unachovuna ni ukimya, na ukimya hauna sarufi ya kusahihisha. Mimi nikitaka kueleza kanuni ngumu naieleza kwa Kiswahili dakika mbili, halafu tunarudi kwenye Kiingereza tukiwa wote tumeelewa. Afisa uthibiti ubora mmoja aliwahi kukunja uso. Nilimpa madaftari asome, akakunjua.

Sasa nifike kwenye lenyewe, ambalo hata barua hii ikilowa mvua ukumbuke: wasome. Wasome sana, vitu rahisi, kila siku.

Unaikumbuka ile ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 tuliyosomeshwa mwaka wa pili, wewe ukisinzia? Walipima shule zetu wakakuta kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianze. Ianze, Mama Baraka! Wakati huo huo, huko Fiji, watafiti Elley na Mangubhai walikuwa wamejaribu kitu kisicho na makeke. Walipeleka vitabu vya hadithi 250 katika madarasa ya nne na ya tano ya shule za vijijini, ambako Kiingereza ni lugha ya pili kama hapa. Watoto wakasomewa, wakasoma wenyewe, wakazungumza juu ya walichosoma. Baada ya miezi minane, kusoma kwao na kusikiliza kwao kulikua kwa kasi kama mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida ikaongezeka, ikaenea mpaka kwenye stadi nyingine za lugha, huku wenzao wakiendelea na mazoezi ya sarufi ya kurudiarudia. Matokeo yalichapishwa 1983. Miaka zaidi ya arobaini imepita na sisi bado tunaandika ubaoni.

Utasema, vitabu 250 nitavitoa wapi. Anza na stoo. Nina hakika shule yako ina stoo yenye vitabu vya hadithi vilivyofungiwa visichanike. Mwombe mtunza stoo kwa upole, na ukishindwa kwa upole nenda na mkuu wa shule. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Halafu kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini: hadithi fupi za bure mtandaoni, nyingi zikiwa na matoleo ya Kiswahili na Kiingereza, zimepangwa kwa ngazi, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na kugawa. Mimi huchapa steshenari mjini, nabana kwa stepla, naweka jalada la boksi la sabuni. Kwa wale walio chini kabisa natoa toleo la Kiswahili kwanza, kesho yake la Kiingereza. Anaijua hadithi tayari, kwa hiyo macho yake yanafuata maneno bila hofu.

Watoto wakubwa wataona aibu kushika kijitabu chenye picha ya sungura. Wa kwangu walinuna, hasa wavulana. Nilichofanya ni kuanza mimi: kila kipindi, dakika kumi za mwanzo, nawasomea kwa sauti, na sisomi kama naita majina ya mahudhurio. Nikifika pale mambo yanapochacha nafunga kitabu. Waninung'unikie wakitaka, kesho wanaingia mapema. Kwa kusoma wenyewe nimewapa kipimo kimoja: ukurasa ukiwa na maneno zaidi ya matano usiyoyajua, kirudishe uchukue rahisi zaidi. Kamusi ya TUKI ipo mezani kwangu, lakini ni ya neno moja linalokukera, si ya kila mstari. Anayefungua kamusi kila sentensi hasomi, anafukua.

Kuandika sasa. Hapa ndipo walimu tunapouana, kwa sababu ya kusahihisha. Mikondo yako miwili ikiwa na watoto sabini sabini, na kila mmoja akaandika insha ya ukurasa, utalala na kalamu nyekundu. Kwa hiyo hatuandikishi. Watoto wanafika kidato cha pili hawajawahi kutunga aya yao wenyewe, wamenakili tu. Mimi wanaandika mistari mitano kila siku, mwisho wa kipindi, juu ya kitu wanachokijua. Hapa kwetu ni korosho: inavyookotwa, inavyobanguliwa, nani nyumbani hupewa fedha yake. Kwako Korogwe wape mkonge, treni, soko la Manundu. Mtoto asihangaike kutafuta la kusema na lugha ya kulisemea kwa wakati mmoja.

Sisahihishi kila kosa. Wiki hii natafuta kosa moja tu na nimewaambia ni lipi. Kwa watoto wetu la kwanza ni lile la kumwita mama kwa kiwakilishi cha mwanamume, kwa sababu neno letu "yeye" halijali jinsia. Baadaye nahamia kwenye kitenzi kinachosahauliwa, kisha herufi kubwa. Daftari hupokezana na jirani kabla ya kufika kwangu, na kila siku nachukua safu moja ya madawati. Daftari lililojaa wekundu halimfundishi mtoto kitu zaidi ya kwamba yeye hafai.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote haihitaji kitabu hata kimoja. Tunga kisa cha sentensi tano, labda kijana amekosa lori la Masasi akaamua kutembea usiku. Wasomee mara moja, kalamu chini. Wasomee tena kwa mwendo wa kawaida, si kwa kukatakata kama imla, wao wakidaka maneno wanayoweza. Kisha wakae wanne wanne wakijenge upya kisa kwa sentensi zao, kiwe na maana ile ile na Kiingereza kilichonyooka. Ubishi utakaousikia! Mmoja anasema alitembea, mwingine anasema alikuwa anatembea, wa tatu anauliza tofauti ni nini. Hapo ndipo unapofundisha nyakati za vitenzi, kwa watu walioomba wenyewe. Mwishoni makundi mawili yaandike kazi yao ubaoni, darasa zima lisahihishe. Umepata kusikiliza, kusoma, kuandika na sarufi, na una karatasi kumi na nane za kupitia badala ya sabini.

Fasihi ya kidato cha tatu na nne bado iko mbali kwako, lakini nikuonye mapema. Swali linataka uthibitishe kauli kwa vitabu viwili, hoja tatu tatu, na watoto wameshagundua kwamba hoja hizo zinauzwa steshenari. Nilisahihisha mtihani wa majaribio wa mkoa ambapo karatasi baada ya karatasi zilikuwa na sentensi zile zile, hata koma mahali pale pale, na jina la mhusika limekosewa kwa namna moja. Mtu amekariri muhtasari (desa) wa kitabu ambacho hajawahi kukifungua. Siwalaumu sana: nakala moja darasa zima, Kiingereza cha kitabu kinamzidi, mtihani unakuja. Ila yule aliyezoea kusoma tangu kidato cha kwanza, ukimpa ile tamthilia ya Soyinka, The Lion and the Jewel, ya binti Sidi na mzee Baroka anayemtaka, aigize sehemu yake mbele ya darasa, hoja anazitoa mwenyewe. Huwa najua darasa limekiingia kitabu pale wasichana wanapogombana kuhusu Sidi, kama alidanganywa au alichagua. Mwaka jana waligombana mpaka kengele ya chakula, kwa Kiingereza kibovu chenye hoja nzuri.

Kuhusu muda, mkuu wako atataka mada ziishe. Ziandike kwenye azimio la kazi kama zinavyotakiwa, na dakika kumi za kusoma uziingize kwenye andalio la somo kama utangulizi. Si uongo, ni utangulizi kweli. Na kwa sababu wewe unaingia darasa hilo hilo kwa Historia, una kitu ambacho mimi sina. Chukua aya ya Vita ya Majimaji kutoka kitabu chao, ifanye kisa cha wanne wanne siku moja kabla ya kipindi chako cha Historia. Naona wivu kabisa.

Usitazamie makubwa mwezi wa kwanza. Machi utakata tamaa, nipigie. Kwangu dalili huanza kuonekana karibu na likizo ya Juni, tena si kwenye majaribio bali pale mtoto anapokuja kubadilisha kijitabu bila kuitwa.

Nimekufungia boksi la hadithi thelathini na kitu, zimeshatoboka pembeni lakini zinasomeka. Mdogo wangu atazipakia Stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenye basi la Arusha linalopita Korogwe, atakutumia namba ya gari. Kwenye boksi hilo hilo kuna kilo mbili za korosho za Baba Baraka. Utakuwa na kazi ya kumweleza Baraka kwamba vile vijitabu vya sungura si vyake.

Mimi rafiki yako,
Mama Tunu

Nb. Nikumbushe lile jina la dawa ya mchwa mliyotumia kwenye makabati. Wameanza kula kona ya maktaba yangu, na wao hawachagui ngazi.